Fungu la 94.06

Kasi: kilomita mia moja na thelathini kwa saa.

Mafuta: robo tangi.

Matumaini: Hilux haina kipimo chake.

Girum Asfachew, jasusi wa daraja la pili katika Idara ya Mambo Yasiyosemwa, alikanyaga mafuta mpaka soli ya kiatu ikagusa chuma. Kushoto kwake, sambamba na barabara, treni ya mizigo ilikuwa inateremka kuelekea Dire Dawa bila haraka yoyote, kama mtu anayejua kwamba anayemfukuza hana mamlaka ya kumkamata.

Mabehewa hamsini na mawili. Juu ya kila behewa, kontena moja jekundu. Ubavuni mwa kila kontena, maandishi meupe: KORVANE.

Yote yalikuwa matupu. Karatasi zilisema hivyo.

Katika mojawapo alikuwamo mwanamke.

Jina lake Etaferahu Bekalu. Miaka hamsini na minane, mjane, miwani minene, kisukari. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha mbao katika bandari kavu ya Modjo na kuamua kila kinachoingia nchini kinaitwaje kwa sheria ya ushuru. Kitabu cha ushuru kina mafungu zaidi ya elfu moja, na hakuna kitu duniani kisicho na fungu lake, kuanzia punda aliye hai mpaka meno ya bandia. Vijana wa forodha walimwita Etiye, kama anavyoitwa dada mkubwa ambaye hajawahi kukosea na hana mpango wa kuanza.

Wiki mbili nyuma, kampuni ya Korvane ilileta malori thelathini. Kwenye fomu waliandika 87.04: magari ya kubeba mizigo. Mama Etaferahu alivua miwani, akaifuta, kisha akalala chali chini ya lori la kwanza na shuka lake jeupe mabegani. Alipotoka alikuwa na grisi shavuni na swali moja.

"Mzigo unakaa wapi?"

Milango ilikuwa ya chuma cha kuzuia risasi. Paa lilikuwa na tundu la duara, linalomtosha mtu na rashasha yake. Nyuma, mahali pa mizigo pangetosha gunia moja la vitunguu, tena vitunguu vyenyewe vikubali kubanana.

Akaandika 87.10: magari ya vita, yawe yamefungwa silaha au hayajafungwa.

Kwa fungu hilo hakuna kampuni binafsi inayoruhusiwa kuingiza hata moja.

Korvane walikata rufaa. Kamati ingekaa leo saa tisa alasiri. Mama Etaferahu akisimama mbele yake, malori yangebaki yamefungwa minyororo. Asipoonekana, ingesemwa amekimbia na hongo, uamuzi wake ungefutwa, na kabla ya jua kuzama malori yangekuwa njiani kuelekea kwa watu wasiokuwa na haja ya vitunguu.

Alfajiri ya leo miwani yake iliokotwa chini ya kreni, pale makontena matupu yanapopakiwa kurudi baharini. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Kingine kilikuwa kinaangalia reli.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Mwewe, hapa Kiota."

Kanali Mulualem. Sauti ya mwalimu wa zamu anayejua tayari nani atachapwa.

"Mwewe nakusikia."

"Uko wapi?"

"Ubavuni mwa treni."

"Itasimama Dire Dawa dakika arobaini kubadilisha dereva. Baada ya hapo ni mpaka wa Dewele, kisha Jibuti, kisha meli. Kule mkono wetu haufiki."

"Nitayafungua yote, Kanali."

"Hufungui yote. Yana lakiri. Kontena linalosafiri kati ya nchi na nchi lina mkataba wake. Si bidhaa, ni chombo cha kubebea bidhaa, na likirudi tupu haligusi mtu. Tangu asubuhi nina wanasheria watatu ofisini, wanakunywa kahawa yangu na kunisomea mkataba."

"Sasa nifanye nini?"

"Nimekuombea moja."

"Moja nini?"

"Kontena moja. Utafungua moja tu, na liwe lenyewe. Ukikosea, mimi sikujui, Idara haikujui, na mkeo ataambiwa umekwenda masomoni."

"Sina mke, Kanali."

"Afadhali. Barua moja imepungua."

Redio ikanyamaza.

Moja kati ya hamsini na mawili. Hata mchezo wa kubahatisha kipande cha mkate chenye sarafu una huruma kuliko huo.

*

Saa saba na dakika ishirini.

Saa hizo Dire Dawa huwa imeshakubaliana na jua: jua lifanye litakalo, watu walale. Maduka yamefungwa mpaka saa kumi. Bajaji za buluu zimejibanza vivulini, madereva wamelala, miguu nje. Hata mbuzi walikuwa wameahirisha mambo yao.

Kwenye uwanja wa treni za mizigo, nje ya mji, changarawe zilichoma kupitia viatu. Treni ilisimama. Ikapumua. Dereva wa kwanza akashuka na chupa yake ya maji, asiseme na mtu.

Girum alifungua mkoba wa kazi.

Kifaa cha kwanza: kamera ya kuona joto la mwili kupitia giza, moshi na majani. Akaielekeza kwenye kontena la kwanza.

Kamera ikaonyesha joto.

La pili, joto. La kumi, joto. Treni nzima ilikuwa nyekundu kama pilipili ya berbere, mbingu nyekundu, ardhi nyekundu. Alipojielekezea mwenyewe kwa bahati mbaya, aligundua kwamba yeye ndiye kitu cha baridi kuliko vyote uwanjani.

Kifaa cha pili: sikio la sumaku, linaloweza kusikia moyo wa mtu nyuma ya ukuta wa saruji. Akalibandika kwenye kontena la kwanza.

Tu-tum. Tu-tum.

Damu ikamsisimka. Akalibandika kwenye la pili, kuhakikisha tu.

Tu-tum. Tu-tum.

La tatu pia. La nne pia. Makontena yote yalikuwa na moyo. Ulikuwa wake.

Kifaa cha tatu: bastola ya Makarov, risasi tano, zilizotolewa kwa fomu ya nakala tatu. Haikuwa na faida yoyote katika kutafuta watu, lakini aliipapasa, maana ndivyo majasusi wanavyofanya wakikwama.

Alianza kukimbia kando ya treni akigonga kwa ngumi.

"Mama Etaferahu! Mama Etaferahu!"

Chuma kikajibu kama chuma.

Dakika kumi na nne zilikuwa zimekwisha. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye kisukari, ndani ya bati, kwenye jua hili. Girum hakuwa hodari wa hesabu, lakini hesabu hii haikuhitaji uhodari.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na kiofisi chenye bango: FORODHA. KIMEFUNGWA MPAKA SAA KUMI.

Akaupiga mlango teke.

*

"Funga, ndugu yangu, joto linaingia."

Kwenye godoro sakafuni, chini ya feni isiyozunguka, aliegemea mtu mnene mwenye kikoi na shavu moja kubwa kuliko jingine. Mbele yake kulikuwa na vichala vya mirungi vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba na chupa ya chai. Huyu alikuwa Nuredin Abdosh, karani wa forodha, na hii ilikuwa saa yake.

Girum alionyesha kitambulisho.

"Idara gani?" Nuredin akauliza.

"Siwezi kusema."

"Basi na mimi siwezi kusikia. Rudi saa kumi."

"Kuna mtu anakufa kwenye treni yako."

"Kwenye treni yangu hakuna kitu. Nina orodha." Akaichomoa chini ya mto, amelala vilevile. "Hamsini na mawili, yote matupu. Nchi hii inapokea masanduku yaliyojaa na kurudisha hewa. Hewa haifi, bwana mkubwa."

"Nani ameandika orodha hiyo?"

"Nani mwingine? Karani wa Modjo, wanaandikaga..." Macho yake yakashuka mpaka kwenye sahihi. Akakaa wima. "Ee. E. Bekalu, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Etiye Etaferahu? Kwa mkono wake? Orodha ya matupu?"

"Amelazimishwa. Walitaka ionekane amemaliza zamu kwa sahihi yake mwenyewe, kisha akakimbia. Yumo ndani ya mojawapo."

Nuredin aliacha kutafuna.

"Yule mama amenifundisha," akasema taratibu. "Kozi ya kupanga bidhaa kwenye mafungu. Alinifelisha mara mbili. Mara ya kwanza niliweka mkokoteni wa punda kwenye magari ya abiria. Akanisimamisha mbele ya darasa, akaniuliza, 'Nuredin, abiria ni nani, punda?'"

"Na mara ya pili?"

"Ya pili sisemi. Nina watoto."

"Soma orodha, Nuredin."

"Nisome nini? Namba ya sanduku, halafu fungu. 86.09, hilo ni kontena. 86.09. 86.09. 86.09." Kidole kikateremka. "Hakuna anayesoma safu hii. Watu wa mizigo wanaangalia namba ya sanduku basi, fungu la kontena tupu ni lile lile tangu reli ijengwe. Hata mimi sisomi. 86.09. 86.09. Nasoma leo kwa sababu umeniharibia..."

Kidole kikasimama.

"Haiwezekani."

"Nini?"

"La thelathini na saba. Ameandika 94.06." Akacheka kidogo, kicheko cha uoga. "Amekosea."

Nzi mmoja alizunguka chupa ya chai.

"Hapana," Nuredin akasema. "Nikikosea mimi, ni Jumatano. Akikosea yeye, ni Kiama."

"Nuredin. 94.06 ni nini?"

"Nyumba."

"Nyumba?"

"Nyumba inayotengenezwa kiwandani ikaletwa nzima. Kibanda cha mlinzi, ofisi ya wajenzi, mahali pa kulala vibarua. Sikiliza. Sheria haikiiti kitu kwa sura, inakiita kwa kazi kilichotengenezewa. Sanduku likitengenezwa libebe mizigo, likamatwe na kreni, lipande meli na treni, ni kontena. Lakini chukua sanduku lile lile, lipige rangi ile ile, halafu lijenge ndani mahali pa mtu kukaa, umtobolee na tundu la kupumulia..." Akameza, majani na yote. "Hilo si kontena tena. Ni nyumba. Wamemwekea bunduki kisogoni mbele ya sanduku lenyewe wakamwambia aandike orodha, na ameandika. Hakuandika uongo hata mmoja."

Alikuwa ameshasimama. Kikoi kilibaki nyuma kidogo, akakirudia.

"Nina mkasi wa kukatia lakiri," akasema. "Na chai tunaibeba. Kwenye kozi alikuwa na pipi mkobani kila siku. Akichoma sindano yake asipokula, anaanguka."

*

Zimebaki dakika kumi na moja.

Kontena la thelathini na saba lilikuwa jekundu kama mengine. Mlango ule ule, lakiri ile ile. Girum alikuwa ameligonga kwa ngumi robo saa iliyopita na kulipita.

"Mabwana."

Alikuwa amesimama nyuma yao: suti ya kitani, Ray-Ban, mkate wenye nyama mkononi, siku ya Jumatano, wakati nusu ya nchi imefunga kwa ajili ya dini na haigusi nyama. Ostrander, mkuu wa Korvane. Alikuwa amesafiri behewa la mbele pamoja na wafanyakazi. Kulia na kushoto kwake walisimama vijana wawili wenye shingo pana na Glock zilizofungwa viziba sauti.

"Hilo ni kontena tupu lenye lakiri," Ostrander akasema kwa Kiamhari safi cha vitabuni. "Mkataba unalilinda. Mkikata, kesho nchi yenu iko mahakamani na nyinyi hamna kazi."

Alikuwa anasema kweli, na Girum alijua. Mkono ulielekea kwenye Makarov kwa mazoea. Risasi tano, Glock mbili, jua moja.

Nuredin alikohoa.

"Samahani, mheshimiwa. Mkataba gani?"

"Wa makontena, rafiki yangu."

"Unalinda makontena."

"Bila shaka."

"Peke yake?"

"Unataka nini wewe?"

Nuredin alimnyooshea orodha kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mgeni mezani.

"Karatasi yenu hii. Mhuri wenu, msafirishaji nyinyi. Mbele kuna makontena thelathini na sita, Mungu ayafikishe salama. Nyuma kuna kumi na tano, vivyo hivyo. Hili hapa, kwa maandishi yenu wenyewe, ni nyumba. Na nyumba haina mkataba, mheshimiwa. Nyumba ina mlango."

Ostrander aliishika karatasi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usafirishaji, macho yake yaliingia kwenye ile safu ya pili.

Mkate ukashuka taratibu.

Girum aligeuka, akagonga mara tatu.

"Hodi."

Kimya.

"Wapigeni," Ostrander akasema.

Pfut.

Risasi ya kwanza ilipita pale kichwa cha Girum kilipokuwa. Kichwa chenyewe kilikuwa kimeshafika chini ya behewa.

Pfut. Pfut.

Changarawe ziliruka. Girum alifyatua kutoka kati ya magurudumu. Goti. Kijana wa kwanza akakaa chini kwa mshangao.

Wa pili akainama kumtafuta. Hilo lilikuwa kosa, maana Nuredin alibaki nyuma yake akiwa na mkasi wa chuma wa kilo nne.

"Kwa heshima zote," Nuredin akasema.

Ngo.

Yakaisha. Sekunde tisa, jumla. Ostrander hakukimbia wala hakutoa silaha. Aliinua mikono yote miwili, na katika mmoja kulikuwa na pasipoti yenye rangi ambayo polisi hawaigusi.

"Mimi ni mwakilishi wa heshima wa nchi ambayo huwezi kuitaja bila kuniomba radhi," akasema. "Fungua basi. Una ruhusa ya moja, nimesikia. Fungua moja lako."

Kwamba alilijua hilo lilimuuma Girum kuliko risasi. Ofisini kwa Kanali, mmoja wa wale wanasheria watatu hakuwa anakunywa kahawa tu.

Mkasi uling'ata. Lakiri ikaanguka. Milango ikalia.

Ndani hakukuwa na kitu.

Sakafu ya mbao. Kuta za bati. Mwanga wa jua uliingia mpaka mwisho na kurudi mikono mitupu.

"Tupu," Ostrander akasema kwa upole. "Kama karatasi zilivyosema."

Girum alisimama mlangoni. Moja alilopewa alikuwa amelitumia. Mbele, dereva mpya alipiga honi: dakika tano. Yalibaki masanduku hamsini na moja, na mahali fulani ndani yake mwanamke aliyeandika ukweli wake wote kwenye safu moja, na pengine kweli alikuwa amekosea. Watu huchoka. Watu wenye bunduki kisogoni huchoka upesi zaidi.

Nuredin alikuwa ameshaingia. Alitembea kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, akihesabu kwa sauti, kikoi kikipepea.

"Kumi."

"Toka humo, Nuredin."

"Kontena la ukubwa huu, hatua zangu ni kumi na mbili. Nimeyatembea maelfu, ndiyo kazi niliyopewa baada ya kufeli." Aliweka kiganja ukutani. "Hapa ni kumi. Chumba cha ndani kiko wapi?"

Ostrander akaacha kutabasamu.

Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba iliyopakwa rangi ya bati. Uling'oka kwa mateke manne. Nyuma yake kulikuwa na godoro, ndoo, bomba la hewa lisilozidi dole gumba. Na Mama Etaferahu Bekalu, amefungwa mikono kwa waya wa plastiki, midomo imepasuka, shuka lake jeupe limelowa jasho mpaka likawa la kijivu.

Hakusogea.

Girum alibandika sikio la sumaku kifuani pake, akabana pumzi, akajaribu kwa mara ya kwanza siku hiyo kuunyamazisha moyo wake mwenyewe.

Tu.

...

Tum.

"Chai," akasema. "Chai!"

Chai ya kuteremshia mirungi ya Dire Dawa ina sukari ya kusimamisha kijiko. Waliimimina tone kwa tone. Ilimwagika kidevuni. Wakamimina tena. Dakika mbili zilipita, na hizo zilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya kutoka Modjo.

Kope zikatetemeka.

"Nuredin," akasema. Sauti ilikuwa ya karatasi. "Umesoma safu ya pili."

"Nimesoma, Etiye."

"Basi leo umefaulu."

Mtu mzima mwenye watoto wanne aliinama kwenye sakafu ya kontena na kulia kama amefelishwa tena.

*

Saa tisa kamili. Simu ya Girum, spika, chini ya feni isiyozunguka.

"Kamati inauliza," ilisema sauti ya mbali, "kama ofisa mhusika yupo."

"Nipo."

Kelele za viti.

"Bi Etaferahu, tuliambiwa umesafiri."

"Nilisafirishwa. Malori thelathini ya Korvane ni 87.10. Sababu ni ile ile: mzigo hauna pa kukaa."

"Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

Minyororo ilibaki kwenye malori. Njama ilikuwa imevunjika. Katika hadithi za heshima, hapa ndipo muziki hupigwa.

Dire Dawa hakuna aliyepiga muziki. Saa kumi kasoro, Motorola ilikoroma.

"Mwewe, hapa Kiota. Kazi nzuri."

"Ostrander?"

"Pasipoti yake ni halali. Anapanda ndege ya saa kumi na moja. Ameagwa kwa kupeana mikono."

Girum alipandisha sauti ya redio.

"Korvane imefungwa mchana huu," Kanali akaendelea, "na imefunguliwa mchana huu huu kwa jina jingine. Kuna magari arobaini yameshuka bandarini Jibuti. Safari hii wameandika 87.05. Magari ya zimamoto."

Mama Etaferahu, amelala kwenye godoro la mirungi na miguu asiyoisikia toka magotini, alifumbua macho.

"Mwambie nitayatazama kesho."

Kwenye redio ilisikika karatasi ikikunjuliwa, ile ambayo mwenye kuongea hataki kuisoma.

"Mama amesimamishwa kazi. Barua imetoka saa tisa na nusu. Ameandika fungu la uongo kwenye hati rasmi. Wanasema kitu kilichopanda behewa la makontena, kikafungwa kama kontena, kikaitwa kontena na mwenyewe, ni kontena. Anaweza kukata rufaa. Siku tisini."

"Alikuwa ndani yake, Kanali!"

"Hilo limeandikwa kwenye maelezo ya chini. Nimepigania hayo maelezo ya chini, Girum. Usinipigie kelele."

"Na hayo magari ya zimamoto atayaamua nani?"

"Karani wa forodha aliye karibu zaidi na mpaka."

Wote wawili walimtazama Nuredin Abdosh. Alikuwa anakunja kichala cha mirungi kwenye jani lake la mgomba, polepole, kama mtu anayefunika kitu kisichopaswa kuona.

"Etiye," akasema mwishowe. "Gari la zimamoto lazima liwe na nini?"

"Pampu, Nuredin. Na mahali pa maji."

"Nikikuta hakuna?"

"Utalala chini ulitazame. Halafu utaandika linavyoitwa."

"Peke yangu?"

Mama Etaferahu alinyoosha mkono, akampapasa kichwani.

"Mimi nina watoto," Nuredin akasema.

Safari hii hakuwa anatania.

*

Girum alivaa miwani ya jua. Makarov ilikuwa na risasi nne. Moja angeiandikia fomu, nakala tatu. Gari la wagonjwa lilikuwa limefika na kuondoka. Behewa la thelathini na saba lilikuwa limekatwa na kusukumwa pembeni, peke yake, mlango wazi. Treni ilikuwa imeunganishwa tena na kupewa ruhusa ya kuendelea, makontena hamsini na moja, yote matupu, yote chini ya mkataba.

Alitembea kando yake kuelekea kwenye Hilux, mikono mfukoni, mwendo wa mtu aliyemaliza kazi. Ukimwona kwa mbali ungesema huyu hana wasiwasi duniani.

Akafika kontena la kwanza, nyuma ya kichwa cha treni. Mkono mmoja ukatoka mfukoni wenyewe.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Akasikiliza. Hakuna. Akasogea kwa linalofuata.

"Hodi."

Kufungua kulihitaji kibali cha wanasheria watatu. Kubisha hodi hakukuhitaji kibali. Alikwenda hivyo, moja baada ya jingine, bila kuharakisha, ngumi ikianza kuchubuka. Mlinzi wa uwanja alimtazama akidhani ni mirungi.

Alikuwa amefika la ishirini na tatu honi ilipolia. Mabehewa yalishtuka, yakaanza kuvutana. La ishirini na nne lilipita chini ya vidole vyake kabla hajasema neno. La ishirini na tano akaligusa tu. Kisha yakapita mekundu, moja, jingine, jingine, haraka kuliko mkono wa mtu.

Girum alisimama na ngumi yake hewani mpaka la mwisho likapita kwenda Jibuti.

Halafu akairudisha mfukoni, akatembea mpaka kwenye gari.